Mzigo wa Mwani Uliofunikwa

Kwa miaka ishirini na miwili aliijua mvua kabla haijajijua yenyewe. Angekuwa amekaa akikunja nguo au anazungumza na jirani, mara angeinua shingo, angenusa hewa kidogo, kisha angeondoka bila kuaga. Wenzake walipofika kwenye uwanja wa kuanikia mwani walimkuta turubai ameshalitandaza, mawe ameshayapanga pembeni, naye amesimama mikono kiunoni akilitazama wingu kama mtu anayemsubiri mgeni asiyemtaka. Siku moja alimwacha mwanawe wa pili ndani ya beseni, sabuni kichwani, akakimbilia uwanjani. Mtoto aliokotwa na jirani, akamaliziwa kuogeshwa, na kuanzia hapo mama yake akaitwa Mama Turubai. Jina lilimkaa. Hata mumewe, fundi wa viti ambaye si mtu wa mizaha, alilitumia bila kufikiri.

Hakuwa na kichaa. Mwani uliokuwa ukilimwa wakati ule ulikaushwa na kuuzwa kwa wanunuzi waliotaka ute wake, ute ambao walisema unaingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vidonge vya hospitali. Mwani ule ukipigwa na mvua ukiwa nusu mkavu ulikuwa umekwisha. Rangi iliutoka, ute ukavuja na maji, na asubuhi mnunuzi aliupapasa kwa vidole viwili tu, akasema hapana, akapanda gari lake. Kazi ya mwezi mzima iliweza kwenda na maji kwa robo saa. Kwa hiyo watu wa uwanjani walifundishana jambo moja kuliko yote: maji ya bahari ni rafiki, maji ya mvua ni adui. Hawakulisema kama fundisho. Lilikuwa miguuni mwao.

Kisha wanunuzi wakahamia kwingine, na uwanja ukaota nyasi.

Baada ya miaka miwili ya kushona mifuko na kuuza maandazi mlangoni, Mama Turubai alisikia kuwa kwenye maghala ya zamani ya saruji, ng'ambo ya barabara kuu, kumefunguliwa kiwanda kinachotaka mwani. Alikwenda. Alimkuta mhandisi, binti mwembamba mwenye miwani, umri wa binti yake wa kwanza, ambaye alimweleza kuwa hawataki mwani wa kulimwa. Wanataka mwani mwitu, ule mpana wa kahawia unaotupwa ufuoni na mawimbi, ambao watu wa huko walikuwa wakiukanyaga bila kuuona. Hawautaki kwa ajili ya ute. Wanautaka uoze.

Mama Turubai alidhani hakusikia vizuri. Mhandisi akarudia: uoze, lakini uozee ndani ya tangi lisiloingiza hewa, kwa sababu ukioza humo hutoa gesi, na gesi hiyo inawaka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa ameshaajiriwa hapo karibu mwaka mzima kama mtunza tangi, na ndiye aliyempitisha akaonyeshwa kazi yote. Lori dogo lilimwaga mwani uwanjani. Kutoka uwanjani uliingizwa kwenye nyavu na kupitishwa katika makaro matatu ya maji matamu, moja baada ya jingine, kuondoa mchanga na chumvi. Kisha ulikatwakatwa na mashine yenye kelele ya kuchosha meno, ukakamuliwa. Majimaji yake yalikwenda chumba cha pili, yakachachushwa kuwa spiriti ya watengenezaji wa rangi. Makapi yaliingia tangini. Gesi iliyotoka ilipita kwenye pipa lililojaa vyuma chakavu vyenye kutu, ili iache humo harufu yake ya mayai viza, ndipo ikaingia kwenye bomba la kwenda tanuri la mikate la jirani.

Tangi lenyewe lilikuwa la duara, jeusi, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na wafanyakazi wote walikuwa wakiliita Tumbo. Shemeji alilipiga kofi ubavuni kama anayemsalimu ng'ombe wake.

"Huyu, shemeji, usimwone kimya," alimwambia. "Ana wadudu ndani wasioonekana kwa macho, mamilioni. Ukiwalisha vizuri wanakupa moto. Ukiwaudhi, wanagoma bila barua."

Mama Turubai aliajiriwa kuwa msimamizi wa uwanja, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mwani kama yeye. Masharti yalikuwa miezi mitatu ya majaribio, na akifaulu atapewa barua ya ajira ya kudumu.

Hiyo barua ndiyo iliyomnyima usingizi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mzani: ukileta kilo unalipwa, usipoleta hulipwi. Mwaka aliovunjika kifundo cha mkono alikaa nyumbani wiki saba, na katika wiki zile saba hakuna mtu aliyemuuliza hali yake isipokuwa mumewe na mpiga plasta. Katika barua, shemeji alimwambia, kulikuwa na siku za ugonjwa zilizoandikwa kwa tarakimu. Alimwomba amwonyeshe ya kwake. Shemeji aliileta ikiwa imekunjwa mara nne, na Mama Turubai aliisoma yote, hadi mhuri, kisha akairudisha. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kufika kazini na wa mwisho kuondoka.

Miezi miwili na nusu ilikwenda vizuri. Aliwapanga watu wake, watano wote, wanne kati yao wakiwa wenzake wa uwanja wa zamani. Wa tano alikuwa mwanamke mnene mcheshi aliyefua mashuka ya hospitali miaka kumi na moja, hajui mwani wala bahari, na wote walimwita Dobi. Mwanzoni kuutia mwani katika maji matamu kulimtia Mama Turubai kichefuchefu, kama mtu aliyeambiwa amwagie mafuta ya taa kwenye unga. Alijikaza. Hesabu ya makaro ilikuwa kwenye karatasi ukutani, naye aliifuata kama ilivyoandikwa.

Wiki ya kumi na moja mhandisi aliwakusanya akawaambia kuwa mwenye tanuri la mikate amekubali kufanya jaribio la siku saba: atazima kabisa vichomeo vya dizeli na kuoka kwa gesi ya mwani peke yake. Akiridhika, atasaini kununua gesi kwa miaka mitatu. Asiporidhika, kiwanda hakina mnunuzi mwingine. Hakupaza sauti. Aliongeza kuwa barua za walio kwenye majaribio zitaandikwa jaribio litakapomalizika, kisha akaenda kwa mwoka mikate kufunga vichomeo vipya, na akabaki huko siku za mwanzo za jaribio.

Lori lilileta tani sita siku ya kwanza. Mchana wa siku hiyo Mama Turubai alikuwa kwenye karo la pili akikagua nyavu, akainua shingo.

Wengine wanne waliinua shingo karibu wakati mmoja naye. Hakuna aliyetoa amri, au kama alitoa hakuna aliyekumbuka baadaye. Waliacha nyavu zikielea, wakatoka mbio. Ghalani kulikuwa na maturubai mawili makubwa meusi ya kufunikia mashine. Waliyaburuta, wakayatandaza juu ya lundo lote, wakakanyaga pembe, wakaviringisha mawe na vipande vya chuma juu ya kingo. Tone la kwanza lilianguka turubai la pili likiwa bado mikononi mwao. Dobi, aliyekuwa hajawahi kuona watu wazima wakikimbia namna ile, alibaki mlangoni na wavu wake, akauliza kama kuna moto. Mwenzake mmoja alimjibu kuwa kuna mvua. Dobi akasema hiyo ameiona.

Mvua ilinyesha siku mbili. Barabara ya kwenda ufuoni ilikatika, lori halikutoka. Chini ya turubai mwani haukuguswa na mvua, na Mama Turubai, akipita na mwavuli kukagua mawe yake, alijisikia kama zamani. Tumbo lililishwa akiba iliyokuwa imeshaoshwa, na mikate ya jirani ilitoka na rangi nzuri. Mhandisi alipiga simu kusema kuwa mwoka mikate amecheka mara moja, jambo lisilo la kawaida.

Asubuhi ya siku ya nne akiba iliisha. Walifunua lundo.

Mvuke ulipanda. Mwani wa juu ulikuwa kama walivyouacha, lakini wa ndani ulikuwa wa moto kama maji ya kuoga na laini kama uji, na harufu yake ilimfanya hata Dobi ageuze uso, yeye aliyezoea mashuka ya wodini. Walijaribu kuuingiza kwenye nyavu, ukapita kwenye matundu. Kwenye karo la kwanza ulitawanyika, nusu ukazama. Mama Turubai alitazama saa. Tumbo lilitakiwa kulishwa kabla ya saa nne, na lori lilikuwa bado limekwama.

Aliamua uingizwe kwenye mashine ya kukatia hivyohivyo, bila kuoshwa.

Shemeji yake alisimama kwenye mdomo wa tangi, kitambaa puani. Kwa taratibu za kiwanda mtunza tangi alikuwa na haki, na wajibu, wa kukataa mzigo wowote ambao haukupita makaroni. Alikuwa anaujua utaratibu huo. Alikuwa pia anamjua shemeji yake.

"Shemeji, huu unanuka kama soksi za kaka."

"Ni jasho la turubai tu. Ukipata hewa utakaa sawa."

"Na chumvi?"

"Tani sita katika tangi lote hilo. Hutaiona."

"Mimi sitaiona. Nawasemea hawa wa ndani."

Shemeji alimkazia macho. Aliyaona macho ya mtu aliyebakiza siku chache kupata barua, akashusha pumzi, akafungua mfuniko. Daftarini aliandika saa, uzito na joto. Sehemu iliyouliza kama mzigo umeoshwa aliiacha wazi.

Siku ya tano gesi ilipungua robo. Siku ya sita ilipungua nusu, na karatasi ya kupimia uchachu, ambayo kila siku ilikuwa ikitoka kijani, ilitoka njano iliyokaribia machungwa. Mhandisi alirudi akiwa na unga wa ngano kwenye viatu. Adhuhuri ya siku hiyo moto wa tanuri ulirukaruka mara tatu kama mtu mwenye kwikwi, ukazimika na mikate mia nne ikiwa ndani. Mwoka mikate aliwasha dizeli. Hakugomba. Alituma ujumbe kuwa atasubiri maelezo, na kuwa kusubiri kwake si kwa mwaka.

Shemeji alimfuata Mama Turubai kwenye bomba la kunawia mikono na kuongea naye kwa sauti ya chini, akitazama pembeni kama anayesubiri zamu yake ya bomba. Alimwambia kuwa mhandisi ameshaliona pengo katika daftari, na kwamba atalichukua mwenyewe. Atasema alipokea mzigo bila kuuliza. Mama Turubai alitaka kubisha, naye akamkata.

"Sikiliza. Mimi nina barua, watanipa onyo, basi. Wewe huna hata karatasi ya kufungia sabuni. Ukisema neno leo, kesho unarudi kwenye maandazi."

Mama Turubai alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakukubali na hakukataa, na kwa mambo kama hayo kutokataa kulitosha. Nyumbani alimpikia mumewe, akamuuliza habari za viti, akasikiliza jibu lote bila kujua alichojibiwa. Kwa hesabu yake, shemeji angepata karatasi moja ya onyo ambayo ingekaa kwenye faili hadi panya waile, naye angepata barua. Alipiga hesabu hiyo mara nyingi jioni hiyo. Kila mara ilitoka sawa, na kila mara aliianza upya.

Mkutano ulifanyika kesho yake asubuhi kwenye chumba cha makaro. Watu walikaa juu ya kreti zilizopinduliwa. Mhandisi alisimama na daftari la tangi mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaeleza kilichotokea kwa maneno mepesi: Tumbo limelishwa mzigo mchachu wenye chumvi nyingi, wadudu wake wamekufa kwa wingi, na waliobaki hawali. Akamuuliza mtunza tangi kama aliupokea mzigo huo bila kuoshwa. Shemeji alisema ndiyo. Akamuuliza kama kuna aliyemwamuru. Shemeji alisema hakuna.

Mhandisi alifunga daftari. Alisema anasikitika, lakini mwezi wa tatu mtunza tangi huyo alikutwa amelala zamu na mfuniko wazi, akapewa onyo. Hili la leo ni la pili. Kwa mujibu wa barua yake mwenyewe, onyo la pili ni kuachishwa kazi.

Mama Turubai alimgeukia shemeji yake. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Lile onyo la kwanza hakumwambia mtu yeyote nyumbani, hata mkewe. Alikuwa amempangia shemeji yake mpango mzuri, akasahau kumtajia bei yake.

Mama Turubai aliinuka. Magoti yalilia, akangoja yanyamaze.

"Mhandisi, mzigo niliupitisha mimi. Huyu aliuliza. Aliuliza harufu, akauliza na chumvi, nikamwambia amwage. Ulikuwa uji, haukai kwenye wavu. Nilijua haujaoshwa."

Mhandisi akauliza swali ambalo Mama Turubai hakulitegemea: mwani wa siku tatu, uliotoka baharini ukiwa mzima, ulikuwaje uji?

Hapo Mama Turubai aliona mwanya mdogo wa kujitetea. Kosa la kutoosha alikuwa amelikubali. Lakini lisisemwe kuwa aliutupa mzigo ovyo. Alieleza, na sauti yake ikapata nguvu kidogo, jinsi yeye na wenzake walivyoacha kila kitu, wakaburuta maturubai na kulifunika lundo lote, pembe kwa pembe.

"Ilinyesha siku mbili," alisema. "Hata tone moja halikuugusa."

Wenzake wanne wa uwanja wa zamani walitikisa vichwa kuthibitisha. Mmoja aliongeza kuwa mawe waliyaangalia kila baada ya saa moja.

Mhandisi alivua miwani. "Mliufunika kwa nini?"

Hawakuonekana kama watu wenye hatia. Walikuwa wameulizwa jambo ambalo halina jibu kwa sababu halijawahi kuwa swali. Mtu haulizwi kwa nini anaondoa mkono kwenye moto. Mama Turubai aliwatazama wenzake, nao wakamtazama yeye.

"Mvua ilikuwa inakuja," alisema mwishowe.

Mhandisi aliketi kwenye kreti. Alizungumza polepole, na kwa mara ya kwanza alionekana kuongea na watu badala ya kuongea na tangi. Alisema kuwa kila siku kiwanda kinanunua maji matamu lori zima kwa kazi moja tu, kuutoa mwani chumvi. Siku mbili mbinguni kumemwagwa maji hayo bure, juu ya mwani uleule, na wao wameuvalisha koti. Chini ya koti ukapata joto, ukachacha, ukageuka uji, na chumvi yote ikabaki mlemle. Wangeuacha wazi, mvua ingefanya kazi ya karo la kwanza na la pili, na ungekaa baridi hadi siku ya kulishwa.

"Ningewaambia," alimalizia. "Haikunijia kwamba kuna mtu angeufunika."

Dobi, kwenye kreti ya mwisho, aliguna. Alisema kwa sauti ya kujisemea kuwa yeye siku ile alishangaa, lakini akadhani ndivyo wajuzi wanavyofanya.

Mama Turubai alikuwa bado amesimama. Mambo aliyoyajua kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa yamepinduliwa mbele ya watu kama moja ya kreti zile, na kilichomuumiza hasa si aibu. Ni kwamba aliyoambiwa yalikuwa na akili. Aliyaelewa yote, mara moja, bila kurudiwa. Kichwa chake kilikuwa kinaweza. Ni miguu iliyotangulia.

Onyo la shemeji halikuandikwa. Mhandisi alimpa karipio la mdomo kwa kuacha pengo daftarini na kwa kumdanganya mbele ya watu, na akasema la msimamizi wa uwanja ataliamua baadaye, tangi likipona au likifa.

Kuliuguza Tumbo kulichukua siku kumi na mbili. Walilinyima chakula kabisa. Walitoa theluthi ya majimaji yake na kuweka maji matamu mahali pake, ndoo kwa ndoo, wakakoroga chokaa kidogo asubuhi na kidogo jioni. Siku ya tatu walileta mapipa manne ya samadi mbichi kutoka machinjioni, kwa sababu tumbo la ng'ombe lina wadudu wa ukoo mmoja na wale wa tangini, na hao ndio waliotegemewa kuanzisha ukoo upya. Kazi ya kubeba samadi hakuna aliyeigombea. Mama Turubai alibeba mapipa mawili, shemeji mawili. Hawakuongea sana. Shemeji alisema mara moja tu kuwa asimweleze mkewe habari ya kulala zamu, na Mama Turubai akamjibu kuwa watu wote kiwandani wanajua, kwa hiyo mkewe ameshajua tangu juzi. Ilikuwa kweli. Shemeji alikuwa akilala sebuleni.

Siku ya sita karatasi ilitoka njano. Siku ya tisa ilikuwa na ukijani pembeni. Siku ya kumi na mbili shemeji aliweka sikio ubavuni mwa tangi, akainua mkono watu wanyamaze, na ndani kukasikika bwatabwata ya mbali kama sufuria inayoanza kuchemka. Mhandisi alifungua bomba dogo la majaribio, akawasha kiberiti. Moto ulitoka mdogo, wa bluu, usiorukaruka. Mwoka mikate alikubali kuanza upya siku saba nyingine. Zilikwisha salama, akasaini, si kwa miaka mitatu bali kwa mmoja.

Siku mbili baada ya hapo Mama Turubai aliitwa ofisini. Ofisi ilikuwa nusu ya ghala iliyotengwa kwa ubao, na kelele za mashine ya kukatia ziliingia bila kubisha hodi. Mezani palikuwa na bahasha moja.

Mhandisi hakuzunguka. "Mama, uwanja sikupi. Nimempa Dobi."

Mama Turubai aliitazama bahasha.

"Si kwa kukukomoa. Ulisema ukweli, na mwani unaujua kuliko sisi wote. Lakini uwanja huu unamtaka mtu ambaye mvua ikianza hafanyi kitu. Wewe utaweza?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi. Lakini tangu mkutano ule alikuwa amejichunguza, na wiki iliyopita, manyunyu yalipoanza, alijikuta ameshika pembe ya turubai kabla hajajua ameondoka makaroni. Hakuna aliyemwona. Aliirudisha mahali pake, akabaki amesimama hapo.

"Hapana," alisema. "Labda nikizeeka."

Mhandisi alisukuma bahasha. Alieleza kuwa makaroni panahitajika mwoshaji wa kudumu, mtu anayeweza kuushika mwani na kujua kwa vidole kama bado una chumvi, kwa sababu kipimo chao huharibika kila mwezi. Cheo ni cha chini, na atakuwa chini ya Dobi. Kama hataki, ataelewa.

Mama Turubai alitoa barua. Aliisoma kuanzia juu, kwa mwendo wake, kidole kikifuata mstari. Alifika kwenye cheo, akapita. Alifika kwenye zamu, akapita. Kidole kilisimama chini ya mstari wa tisa.

"Hizi siku za ugonjwa," aliuliza, "ni sawa na za msimamizi?"

"Ni zilezile kwa watu wote."

"Na mtu akivunjika mkono?"

"Zinaongezwa. Iko nyuma ya karatasi."

Aligeuza karatasi, akasoma na nyuma. Kisha akaomba kalamu, akasaini kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, akairudisha nakala ya kiwanda na kuichukua ya kwake.

Nje, Dobi alikuwa kwenye mlango wa makaro, amevaa filimbi shingoni ambayo hakuna aliyemwambia aivae. Alionekana hajui aanzie wapi. Alikohoa, akasema, kwa adabu ya mtu anayemwagiza dada yake mkubwa, kuwa maji ya karo la pili yamechoka na yanahitaji kubadilishwa.

Mama Turubai aliikunja barua, akaitia kifuani, akachovya vidole kwenye karo la pili na kuvionja.

"Bado hayajachoka," alisema. "Ya karo la kwanza ndiyo yaliyochoka."

Dobi alifikiri. Akasema basi yabadilishwe hayo ya kwanza, na Mama Turubai akaenda kufungua bomba.